Baden-Powell wa Nyeri: Maisha ya mtu wa ishara, na wewe unayetaka kuanza redio

Kama wewe ni wa Nyeri, kaburi lile unalijua. Liko kwenye makaburi ya kanisa la St Peter's, na skauti huja kulizuru na skafu zao shingoni kutoka nchi ambazo baadhi yetu hatuwezi kuzionyesha kwenye ramani. Kwenye jiwe kumechongwa duara lenye nukta katikati. Mgeni hudhani ni pambo. Sivyo, ule ni ujumbe. Katika ishara ambazo skauti huachiana njiani wakiwa msituni, duara lenye nukta humwambia anayekuja nyuma kwamba mwenzake amekwenda nyumbani.

Aliyelala hapo ni Robert Baden-Powell, Mwingereza aliyeanzisha skauti. Wengi wetu tunaishia hapo tukimtaja. Leo mtazame kwa upande mwingine: mtu aliyeishi kwa kutuma, kuficha na kusoma ishara. Kama uko Karatina, Nanyuki, Embu au Meru na umekuwa ukitamani kuingia katika redio ya ridhaa, yaani ule uraibu wa watu binafsi kuongea kwa redio zao nchi hadi nchi, bila malipo na bila mnara wa kampuni ya simu, maisha yake yanakuhusu kuliko unavyodhani.

Alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake, profesa wa jiometri katika Chuo Kikuu cha Oxford, alifariki Robert akiwa na miaka mitatu tu. Mama, Henrietta Grace, akabaki na kundi la watoto wa kulea. Huyu mama hakuwa mtu wa mchezo. Ndiye aliyebadilisha jina la familia mwaka 1869 kutoka Powell kuwa Baden-Powell, ili jina la mumewe lisipotee. Shika pia jina la kitinda mimba wake, aliyezaliwa mwaka ule ule baba alipofariki, akaitwa Baden. Tutamrudia, maana ndiye aliyeigusa redio kwanza, si kaka yake.

Shuleni Charterhouse Robert hakuwa nyota wa vitabu. Alipenda kutorokea kichakani karibu na shule, ajifiche walimu wasimwone, afuate nyayo za sungura na kumpika kwa moto usiotoa moshi. Mtihani wa kuingia Oxford ulimshinda. Ule wa jeshi aliupita vizuri sana, na mwaka 1876, akiwa na miaka 19, akapelekwa India na kikosi cha farasi cha 13th Hussars.

Huko ndiko alikoanza kuwafundisha askari upelelezi: kukaa kimya, kutazama, kusoma alama ndogo ambazo wengine wanazikanyaga. Baadaye akiwa afisa wa ujasusi katika bahari ya Mediterania, mwenyewe alisimulia kwamba alijifanya mkusanya vipepeo. Alichora kipepeo, na ndani ya michirizi ya mabawa akaficha ramani ya ngome na mahali mizinga ilipo. Ukimkamata, unakuta daftari la mtu anayependa wadudu.

Hebu tusimame hapo kidogo. Kila anayeanza redio ya ridhaa hupitia njia hiyo hiyo ya kukaa kimya kwanza. Majuma kadhaa unasikiliza tu. Unajifunza nani anaongea saa ngapi, anaanzaje, anamalizaje, kwa nini wote wanataja herufi na tarakimu kabla ya salamu. Hizo herufi na tarakimu ni alama ya wito, kitambulisho cha kila kituo. Za Kenya huanza kwa 5Z, na nyingi utakazosikia ni 5Z4. Kusikiliza hakuna mtihani. Kutuma ni habari nyingine, nitakuja kwake.

Sasa upande usiopendeza, na tusifichane. Mwaka 1896 Baden-Powell alipelekwa katika nchi tunayoiita leo Zimbabwe kuzima mapambano ya Wandebele na Washona waliokuwa wakitetea ardhi yao. Huko aliamuru chifu Uwini, aliyekuwa tayari mfungwa, apigwe risasi baada ya kesi ya kijeshi. Uchunguzi ulifanywa, wakubwa wake wakamwondolea lawama, lakini damu haikurudi mwilini. Yeye alirudi na jina la kujivunia, Impeesa, akisema Wandebele walimpa na maana yake ni mbwa mwitu asiyelala. Neno lenyewe kwa Kindebele ni impisi. Mswahili hahitaji mkalimani hapo: ni fisi, na kwetu fisi hasifiwi.

Kilichompa umaarufu ni Mafeking, leo Mahikeng, mji mdogo wa Afrika Kusini. Vita vya Makaburu na Waingereza vilipoanza Oktoba 1899, Makaburu waliuzingira mji huo yeye akiwa ndiye mkuu wa jeshi ndani. Reli ikakatwa, waya wa telegrafu ukakatwa. Kwa siku 217 mji ukawa hauna njia ya kawaida ya kusema na ulimwengu.

Unajua habari zilivyotoka? Kwa miguu. Waafrika, wengi wao Wabarolong wenyeji wa pale, walitambaa usiku katikati ya mistari ya Makaburu wakiwa wameficha barua mwilini. Baadhi walikamatwa na kuuawa. Magazeti ya London yalijaa jina la Baden-Powell, nchi nzima ikashangilia barabarani mji ulipookolewa tarehe 17 Mei 1900, naye akapandishwa cheo kuwa meja jenerali akiwa na miaka 43. Wale waliobeba maneno yake, wengi wao hata majina hayakuandikwa. Tena ndani ya mji chakula kiligawanywa kwa rangi, na njaa iliwauma Waafrika zaidi. Wanahistoria hadi leo wanabishana ni kiasi gani cha lawama kimwangukie yeye. Mimi naona mkuu wa mji ni mkuu wa ghala pia.

Mambo mawili ya Mafeking yatakufaa. La kwanza, wavulana wa mji walipewa kazi ya kupeleka ujumbe kutoka ngome hadi ngome, mwanzo kwa punda, baadaye kwa baiskeli, huku risasi zikipita. Kiongozi wao, Warner Goodyear, alikuwa kijana wa miaka 13 hivi. Baden-Powell aliona kwamba mtoto ukimpa kazi ya kweli anaifanya. La pili, vifaa. Taa ya kumulikia adui usiku aliiunda kwa taa ya gesi na debe la biskuti, ikahamishwa ngome hadi ngome ili Makaburu wadhani mji una taa nyingi. Debe la biskuti! Ukiwa na roho ya namna hiyo, redio itakupenda.

Wakati huo huo, mamia ya kilomita kusini, kwenye Mto Modder, mdogo wake Baden alikuwa meja katika jeshi lililokuwa likijaribu kusonga kaskazini. Kampuni ya Marconi ilikuwa imetuma Afrika Kusini mitambo ya redio na mafundi wake, miongoni mwa majaribio ya kwanza kabisa ya redio vitani. Tatizo likawa antena. Ilitakiwa waya uinuliwe juu sana, na nguzo za mianzi zilipasuka kwa ukavu. Meja Baden alikuwa na dawa: tangu 1894 alikuwa akitengeneza tiara kubwa zenye nguvu ya kumwinua askari kutoka ardhini. Tiara zake zikafungwa waya, zikapaa.

Upepo ukivuma, mawasiliano yalikuwepo. Upepo ukilala, waya nao ulilala. Juu ya hapo kulikuwa na dhoruba za radi na ardhi kavu isiyopitisha umeme vizuri. Februari 1900 jeshi likachoka, likaifunga mitambo. Kwa hiyo ndugu mmoja yuko ndani ya mji uliofungwa, anategemea miguu ya watu. Mwingine yuko nje na teknolojia ambayo siku moja ingeondoa shida hiyo kabisa, lakini haijakomaa.

Tiara hazikufa hapo. Tarehe 12 Desemba 1901 Marconi alikuwa kwenye kilima cha Signal Hill, Newfoundland, ng'ambo ya Atlantiki, akisikiliza kituo chake cha Poldhu, Uingereza. Waya wa antena yake, wa mita 150 hivi, ulibebwa na tiara ya aina aliyoibuni Meja Baden. Marconi alisema alisikia nukta tatu, herufi S ya alfabeti ya Morse. Wapo wataalamu wanaotilia shaka kama kweli alisikia au masikio yalimtamani. Lakini alionyesha njia.

Wewe huhitaji tiara, na tafadhali usirushe waya karibu na nyaya za stima. Huo ni mwaliko wa kifo. Lakini kanuni ni ile ile: waya wa kutosha, mahali pa wazi. Redio ndogo ya masafa mafupi yenye kitufe cha SSB ndiyo unayotafuta. Bila SSB, sauti za watu wa ridhaa zitasikika kama bata anayekabwa. Kwa antena, chukua waya wa kawaida wa shaba, ugawanye sawa mara mbili, kila upande uelekee mti wake, katikati ushuke kwenye redio. Urefu wote kwa mita ni 143 ukigawanya kwa masafa ya megahezi. Kwa megahezi 14.2 ni mita 10 hivi, tano kila upande. Mikaratusi miwili ya shambani inatosha. Mvua za Machi hadi Mei zikianza na radi, chomoa waya na uuache nje ya nyumba.

Kuna jambo ambalo vijana wa vijijini hawalijui: mna bahati. Adui mkubwa wa msikilizaji ni kelele za chaja za bei rahisi, balbu na runinga. Mtu wa ghorofani Nairobi anazisikia mfululizo kama mafuta yanayokaangwa. Wewe uko Othaya au Mukurwe-ini, unatembea hatua hamsini hadi kwenye majani chai na hewa inakuwa safi. Stima ikipotea kijiji kizima, wengine wanalalamika. Wewe chukua redio yako ya betri ukimbie nje.

Turudi kwa mzee. Aliporejea Uingereza alikuta kitabu chake cha upelelezi, alichowaandikia askari mwaka 1899, kinasomwa na watoto. Agosti 1907 akawakusanya wavulana wapatao 20, wa matajiri na wa maskini pamoja, kwenye kisiwa cha Brownsea kwa kambi ya majaribio. Mwaka 1908 kitabu chake cha skauti kikaanza kutoka kwa sehemu, na ndani yake kulikuwa na mafundisho ya Morse na ya bendera, namna ya kutuma ujumbe kutoka mlima hadi mlima. Mwaka 1910 akastaafu jeshi, na mwaka huo huo skauti wakaanza Kenya. Dada yake Agnes akamsaidia kuanzisha upande wa wasichana. Mwaka 1912 akamwoa Olave Soames, wakapata watoto watatu. Mwaka 1929 akapewa ubwana, akawa Lord Baden-Powell.

Nyeri ilimpata akiwa mzee. Aliyekuwa katibu wake, Eric Sherbrooke Walker, alikuwa amejenga hoteli ya Outspan hapo, na ile nyumba ya juu ya mti, Treetops, mwaka 1932. Baden-Powell alifika 1935, akautazama mlima, moyo ukabaki. Mwaka 1938 yeye na Olave wakahamia kwenye nyumba ndogo waliyojengewa katika uwanja wa Outspan, wakaiita Paxtu. Nyumba yao ya Uingereza iliitwa Pax Hill, na pax kwa Kilatini ni amani. Hii basi ikawa Pax ya pili. Alikaa barazani, akachora ndege na wanyama, akaandika vitabu vyake vya mwisho.

Usisahau lakini ilikuwa Nyeri ya aina gani. Mzungu alipata amani barazani katika nchi ambayo Mkikuyu alihitaji kipande shingoni ili atembee. Miaka 11 baada ya kifo chake hali ya hatari ikatangazwa, na Dedan Kimathi, mtoto wa Nyeri hii hii, alikuwa akiongoza vita kutoka msitu wa Aberdare. Wote wawili ni historia ya mji mmoja. Ukimpenda mmoja hulazimiki kumfumbia macho mwingine.

Baden-Powell alifariki Paxtu tarehe 8 Januari 1941, akiwa na miaka 83. Dunia ilikuwa vitani. Kule kwao Uingereza watu wa redio ya ridhaa walikuwa wamekatazwa kutuma tangu 1939, kwa hofu ya majasusi. Olave alifariki 1977 na majivu yake yakaletwa Nyeri. Paxtu yenyewe sasa ni makumbusho, nenda ukaione.

Redio na skauti zikakutana yeye akiwa kaburini. Mwaka 1957 skauti wa dunia walikusanyika Sutton Park, Uingereza, miaka 50 tangu Brownsea na 100 tangu yeye azaliwe. Miongoni mwao walikuwepo watu wa redio ya ridhaa, na mmoja wao, Les Mitchell, aliyetumia alama ya wito G3BHK, akawaza: kwa nini tusubiri miaka ndipo tukutane, na hewa iko wazi? Mei 1958 ikafanyika jambori ya kwanza ya hewani. Enzi hizo Kenya ilikuwa bado koloni na alama zake zilianza kwa VQ4. Jambori hiyo, JOTA kwa ufupi, hufanyika kila mwaka wikendi ya tatu ya Oktoba.

Hapo ndipo pazuri pa kuanzia. Skauti hukutana megahezi 14.290, na pia 7.090, 21.360 na 28.390. Mchana jaribu zile za juu, usiku shuka kwenye 7. Kama huna redio bado lakini una simu na bando, chuo kikuu cha Twente nchini Uholanzi kina redio ya mtandaoni iitwayo WebSDR ambayo mtu yeyote anaweza kuigeuza na kusikiliza bure. Ukiitumia siku chache sikio litazoea, ingawa unasikia hewa ya Uholanzi, si ya kwenu.

Mlima wetu una mambo yake. Redio za mkononi za masafa ya juu sana huenda moja kwa moja kama mwanga, na mita 5,199 za Mlima Kenya si kitu cha kuruka. Nyeri na Chuka zimepeana mgongo, hazitasikizana. Dawa ni megahezi 7 mchana: waya ukiwa chini, hata mita nne tu juu ya ardhi, mawimbi hupanda karibu wima hadi kwenye tabaka la ionosfia na kuanguka upande wa pili, mlima wote chini yake. Masafa ya 14 hufanya kinyume, yanaruka mbali na kuacha walio karibu. Kwenye 14.100 kuna mtandao wa vituo 18 vya ishara duniani vinavyopokezana kila dakika tatu, kila kimoja kikitaja jina lake kwa Morse. Cha Kenya kinaitwa 5Z4B. Ukiwa Nyeri unaweza kumsikia wa Afrika Kusini, ZS6DN, vizuri kabisa na ukamkosa wa Kenya. Usidhani redio imeharibika.

Na Morse yenyewe? Tangu 2003 sheria za kimataifa hazilazimishi tena nchi kuidai kwa leseni. Jifunze hata hivyo, kwa kusikia na si kwa kukariri karatasi. Hupenya mahali ambapo sauti imezama.

Kuhusu kutuma: leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na chama cha watu wa ridhaa nchini, ARSK, ndicho cha kuuliza habari za masomo na mtihani. Bila leseni ni kosa la jinai. Zile redio za mkononi za bei nafuu zinazouzwa mtandaoni zinaweza kuingia kwenye masafa ya polisi na ndege usipojua unachobonyeza, kwa hiyo kidole kikae mbali na kile kitufe cha pembeni. Siku ya JOTA, kwa kawaida skauti huongea kwenye kituo cha mtu mwenye leseni aliyekaa kando yake. Uliza skauti wa shule yenu kama wanaye mtu wa namna hiyo. Kama hawana, huo ndio upungufu wa kuzibwa kabla ya Oktoba.

Tafuta daftari sasa hivi. Andika tarehe, saa, masafa, alama ya wito na ulichosikia. Saa ziandikwe za dunia, UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Mchana hesabu ni rahisi kwa mtu anayesoma saa ya Kiswahili: ongeza tatu. Saa mbili asubuhi ni 0500, saa tisa alasiri ni 1200. Wengi wa utakaowasikia watafurahi ukiwatumia taarifa hiyo, na watakujibu kwa kadi yenye alama yao ya wito, hata kabla hujapata yako.